Mkono Uliobaki Begani

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, sogea hapa ule makombo kabla hatujapakua chakula.

Nekoye wa Kibomet alipoteza kibanda chake cha mitumba kwa moto wa jiko la jirani. Akaanza kukodisha magauni ya harusi, gauni la kwanza likaenda harusini na halikurudi. Lilikuja kuonekana dirishani kwa watu, limeshonwa pazia. Alipobaki mikono mitupu, Waithaka mwenye studio pale Kitale akamwambia, "Njoo ujifunze kompyuta, Mama Nafula. Siku hizi picha haipigwi. Inapikwa."

Huo ulikuwa mwaka wa 2006. Na kwa wale wanaoniuliza habari hizi nimezitoa wapi: amezisema mwenyewe pale Tuwan, akisukwa nywele. Mtu kichwa chake kikiwa mikononi mwa msusi, husema hata yale ambayo hajaulizwa.

Basi Waithaka alikuwa mpishi hasa. Hujawahi kutoka Trans-Nzoia na unataka kusimama kando ya maporomoko ya maji? Anakusimamisha. Unataka kuegemea gari jekundu? Linaletwa, unaegemea, na wala hulitii mafuta.

Nekoye naye alipika, lakini chakula kiliungua. Bibi mmoja wa kwaya alitoka studio bila sikio. Mwalimu mmoja alisimamishwa mbele ya hoteli ya ghorofa, miguu ikakataa kugusa ardhi.

"Fundi, mbona huyu mwalimu anapaa kama Eliya?"

"Kwa sababu hujampa kivuli," Waithaka akasema, akivuta kiti. "Uongo wa picha hukamatwa miguuni. Mpe kivuli, na kivuli kiende upande mmoja na vya wenzake. Au siku hiyo kulikuwa na jua mbili?"

"Na hizi leya ni za nini?"

"Kila mtu na leya yake. Chukulia ni nailoni, moja juu ya nyingine. Ukimvuta huyu, yule habanduki."

"Na nikikosea?"

"Bonyeza Ctrl na Z. Dhambi inafutika."

"Ningekuwa nayo hiyo siku ya lile gauni!"

Wakacheka mpaka mteja aliyekuwa akichana nywele mbele ya kioo akacheka pia, na hakujua anacheka nini.

Sasa, wiki jana tuliachia hapa: Wakoli, yule jamaa anayezunguka Bungoma akikusanyia Waithaka kazi, alileta bahasha moja. Nekoye akaifungua, akapiga kelele, akasingizia mende.

Hakukuwa na mende.

Ndani mlikuwa na picha mbili. Ya kwanza, mwanamke mweupe wa rangi amekaa kwenye kiti, na kando yake kijana amesimama. Ya pili ilikuwa imekatwa kwa makasi. Aliyekatwa alikuwa ameondoka mzima, isipokuwa mkono wake, ambao ulibaki begani kwa mwanamume wa suti.

"Kazi ni rahisi," Wakoli alikuwa amesema. "Futa huo mkono. Halafu huyo mzee aketi katikati ya mama na kijana. Wawe familia."

Mzee mwenyewe alikuwa Mukhisa, mume wa Nekoye.

Na mkono ulikuwa wa Nekoye. Aliujua kwa lile kovu la mafuta ya mandazi karibu na kidole gumba, na kwa pete ya dada yake aliyoazima siku ya harusi kwa sababu yake ilikuwa imekataa kupita.

Hebu fikiria, msomaji. Unalipwa ujifute mwenyewe.

"Fundi," akamwita Waithaka. "Hii kazi ni ya nani?"

"Ya mteja."

"Mteja ana jina."

"Mama Nafula, mwenye studio akianza kuuliza wateja maswali, atabaki akipiga picha za paka. Fanya kazi."

Nekoye akaiweka picha kwenye skana, akaikuza kwenye skrini mpaka kovu likawa kubwa kama sahani, akaitazama kama anayetambua maiti.

Jioni hiyo alifika Kibomet akikimbia. Akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa albamu ya harusi.

Picha ilikuwepo. Nzima. Mukhisa, yeye mwenyewe, mkono begani, na kando yake, kwenye upande ambao ile ya bahasha haikuwa nao, msimamizi wa bwana harusi, Wamalwa, kaka mkubwa wa Mukhisa, akitabasamu kama aliyeoa yeye.

Kwa hivyo si picha ya nyumba hii iliyokatwa. Na ya pili ilikuwa wapi? Zilioshwa mbili tu. Moja ilikuwa yao, moja ya mama mkwe, Mama Phelista, kule Bungoma.

Mukhisa akaingia akipiga mluzi. Mukhisa hununua mahindi. Leo analala Kitale, kesho Bungoma, kesho kutwa anajua Mungu.

"Mama Nafula! Mbona umekaa gizani kama mchawi? Watoto wamekula?"

"Wamekula. Bungoma kukoje?"

"Bungoma?" Akavua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Mimi nimefika huko lini? Wiki hii nilikuwa Kapenguria."

"Si nimeuliza tu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Yaani, nadhani hajambo. Kwani ameugua?"

"Wewe ndiye mtoto wake."

Simu yake ikalia. Akaiangalia, akatoka nayo nje. Nekoye akasogea dirishani akiwa ameshika mwiko, maana mwanamke mwenye mwiko haulizwi amesimamia nini.

"Nimesema sitaki," Mukhisa alikuwa akinong'ona. "Sitaki, Mama. Kila mtu abebe wake… Hapana. Hajui. Na asijue."

Akarudi ndani akitabasamu.

"Nani huyo?"

"Jamaa wa magunia."

"Jamaa wa magunia unamwita Mama siku hizi?"

Mukhisa akacheka kicheko kirefu kuliko kilivyohitajika. Halafu akageuza meza, kama wanaume wanavyogeuza. "Na wewe, ati huko studio kuna chumba cha mapazia meusi. Watu wanauliza mnafanya nini humo."

"Tunapiga watu picha za pasipoti. Njoo nikupige, kama unasafiri."

Wakala ugali. Kila mmoja alikuwa anamla mwenzake kwa macho.

Wakoli aliporudi Kitale kuulizia kazi, alikuta chai ya maziwa, mandazi ya moto, na Nekoye mwenye uso wa sherehe.

"Niaje, Mama! Leo ni Krismasi?"

"Kaa, mwanangu, umechoka. Barabara ni mbaya."

"Kazi iko tayari?"

"Inakauka. Hebu onja hiyo sukari, imetosha? Huyo mwenye kazi ni mtu wa haraka?"

"Mama, mimi ni mbeba bahasha tu. Sisemi ya wateja."

"Nani amekuuliza ya wateja? Nimekuuliza ya sukari."

Andazi la pili likaingia, ulimi ukalegea. Mbeba bahasha ni nani mbele ya mwanamke aliyelelewa sokoni?

"Ni mama mmoja wa kanisa, upande wa Kanduyi," Wakoli akasema, akipunguza sauti ingawa walikuwa wawili. "Mpole. Anakohoa kidogo kabla ya kucheka."

Nekoye akamsogezea sahani ya mandazi. Duniani kuna mtu mmoja tu anayekohoa kabla ya kucheka. Mama mkwe wake alikohoa hata kanisani, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi juu ya ndoa hii.

"Na hiyo picha ni ya nini?"

"Si Agosti inakuja! Kijana anataka kutahiriwa. Mama yake anaitwa Ivy, ni mshonaji kule Kimilili. Sasa wajomba wamekataa. Wanasema hawawezi kuchinja ng'ombe, wala kumvisha kijana nyama shingoni, mpaka wajue amezaliwa boma gani. Wanasema baba hawajamwona, hata kwa picha. Ndio huyo mama wa kanisa, nyanya yake, akaona ni heri apike picha."

Kwa wasomaji wangu ambao si wa Bungoma: kwetu mwaka ule ndio uliokuwa wa tohara. Kijana huzunguka na njuga akiwaita jamaa, na kisu humkuta katika uwanja wa baba yake. Kabla ya hapo lazima mjomba, ndugu wa mama yake, amchinjie ng'ombe na kumvisha kipande cha nyama ya kifua. Mjomba akikataa, kila kitu kimesimama. Na kijana akishasimama katika uwanja wako akatahiriwa, hakuna wa kumtoa. Ni wako, na mama yake ana mlango wa kuingilia.

Nekoye alikuwa na wasichana wawili, Nafula na Nasimiyu. Ndoa ilikuwa na miaka tisa. Kijana wa tohara ana mingapi? Piga hesabu uone kama yeye hakuipiga.

"Kijana ana miaka kumi na mitatu," Wakoli akasema kana kwamba amemsikia. "Ongeza chai, Mama."

Siku ile Nekoye alikaa mbele ya kompyuta Waithaka akiwa amekwenda kupiga harusi. Akaufuta mkono wake. Si mara moja, huwezi. Unachukua kipande cha suti mahali pasafi, unakigonga juu ya kidole kama muhuri, unachukua tena, unagonga tena. Kidole kidogo kikaenda. Cha pete kikaenda na pete ya dada yake. Alipofika kwenye kovu, akabonyeza Ctrl na Z, likarudi. Akalifuta tena.

Halafu akamvuta mumewe, akamweka kati ya Ivy na kijana. Akasogeza nyuso karibu, ili mwanga ulingane.

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti.

Kijana hakufanana na Mukhisa hata kidogo. Mukhisa ni mama yake mtupu: uso wa mviringo, nyusi nyepesi. Kijana alikuwa na paji lililopanda, masikio yaliyosimama, na nyusi zilizokutana katikati kama watu wanaoamkuana.

Nekoye akaukuza uso huo. Akaukuza tena. Nyusi hizi aliwahi kuziona wapi?

Akatoa albamu kwenye mkoba, akaiweka picha ya harusi kwenye skana. Akamkata Wamalwa, msimamizi, kichwa na mabega. Akamweka kando ya kijana.

Mama yangu! Ilikuwa kama mtu na mwangwi wake.

Wamalwa! Mzee wa kanisa, mshika funguo za sadaka, ambaye hata soda hunywa akiwa amefunga macho. Sasa yote yakajipanga. Mama Phelista anamficha mkubwa kwa kumvisha mdogo dhambi. Ndio maana Mukhisa alikuwa akisema kwenye simu, kila mtu abebe wake! Maskini mume wake. Na yeye alimla kwa macho siku zote hizo.

"Mtatujua," Nekoye akaiambia skrini.

Akamtoa Mukhisa. Akamkalisha Wamalwa mahali pake, akampa kivuli, kikaenda upande mmoja na vya wenzake. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Akaichapa, akaifunga kwenye bahasha, akaibandika gundi mara mbili.

"Peleka Jumamosi," akamwambia Wakoli. "Mkononi mwake. Asifungue mtu mwingine."

Jumamosi hiyo hiyo, kabla ya Wakoli, Nekoye alikuwa amefika Kanduyi na kuku chini ya kwapa.

"Mama, nimekuja kuwasalimu tu."

Mama Phelista akakohoa, lakini kicheko hakikufuata. "Leo? Leo nina wageni, mwanangu."

"Ndio vizuri! Wageni wanataka mikono jikoni."

Jikoni alikuwepo Jerop, mke wa Wamalwa, mtoto wa Kapsokwony, ambaye alimkumbatia na unga mikononi. "Mulamwa, shemeji yangu! Mungu amekuleta. Mimi nimeachiwa kazi ya watu kumi na hata sijaambiwa ni sherehe ya nini."

"Wamalwa yuko wapi?"

"Ako nyuma anachinja kuku. Tangu asubuhi anaimba nyimbo za kitabuni, kuku wenyewe wameokoka." Jerop akacheka, akampa kiti kizuri, yeye akakalia ndoo. "Kaa, umechoka. Watoto hawajambo? Nimewashonea sweta, usiondoke bila sweta."

Nekoye akakikalia kile kiti. Jerop hakuwa ameingia katika hesabu yake. Katika leya zote alizopanga, huyu alikuwa amemsahau.

Akatumwa sebuleni na sinia ya chai. Wajomba watatu walikuwa wameketi, mkubwa wao Mzee Wekoye, ametandaza miguu kama mwenye nyumba. Ivy alikuwa kwenye kona, macho chini. Alikuwa mrembo, mbaya zaidi alikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu ni vigumu kumchukia.

Nekoye akainua macho atafute mahali pengine pa kuangalia. Akakutana na picha ya marehemu baba mkwe, ukutani, katika fremu yenye kitambaa cha kufuma. Picha aliyoipita miaka tisa.

Paji lililopanda. Masikio yaliyosimama. Nyusi zilizokutana katikati kama watu wanaoamkuana.

Akasahau chai aliyoileta.

Kijana hakurithi sura ya Wamalwa. Alirithi ya babu yake. Na mjukuu hurithi sura ya babu yake kupitia mtoto yeyote, awe mkubwa au mdogo! Alichokuwa nacho Nekoye hakikuwa ushahidi. Zilikuwa nyusi tu.

"Hodi hapa!" Wakoli alikuwa mlangoni, bahasha mkononi.

Nekoye akajirusha nyuma ya pazia la jikoni asionwe. Wakoli akampa Mama Phelista bahasha, akashukuru, akaenda. Kama angebaki kunywa maji, angemtambua fundi wa picha, na dunia ingekuwa nyingine.

"Mama, niletee nifungue mimi," Nekoye akasema, akitoka mbio. "Gundi itakuharibia kucha."

"Wacha mwenye kutakiwa kuona aone!" Mzee Wekoye akaikwapua bahasha. "Tumengoja hii picha kama mvua. Rakini leo tutajua."

Akaichana. Akaangalia. Akampa ndugu yake. Ndugu akamrudishia.

"Basi," akasema. "Huyu ndiye baba."

Mama Phelista alikuwa tayari ametabasamu. Akanyoosha shingo aone. Tabasamu likabaki usoni peke yake, mwenyewe ametoka.

"Si huyu…" akaanza, akakohoa. Angemalizaje? Aseme aliagiza picha ya uongo, na uongo umeletwa tofauti?

Ivy ndiye aliyesimama. "Mimi sijawahi kupigwa picha na huyu mtu!"

"Na huyu aliyeketi hapa ni nani? Pacha wako?"

"Khocha wa mwanangu, sijui hiyo picha imetoka wapi, rakini si huyu! Huyu ni shemeji! Baba ya mtoto ni…"

Mlango ukafunguka. Mukhisa akaingia, kofia mkononi, uso wa mtu aliyeburutwa. Akamwona mama yake. Akamwona Ivy. Mwisho akamwona mkewe na sinia ya chai, na rangi ikamtoka.

"Umekuja wakati mzuri," Mzee Wekoye akasema, akamkabidhi picha. "Huyu binti anasema lake, picha inasema lake. Mwanamume, sema moja. Kijana ni wa nani?"

Mukhisa akaitazama picha. Akaitazama muda mrefu. Nekoye aliona macho yake yakipita juu ya uso wa kaka yake, yakishangaa, halafu yakitulia, kama mtu aliyeanguka mtoni akagusa mzizi.

"Si mmeona wenyewe?" akasema taratibu. "Picha haidanganyi."

"Mukhisa!" Ivy akalia. Si kwa sauti. Kama mtu aliyechomwa sindano.

"Mimi ni nani nibishane na picha?"

Mzee Wekoye akajikuna kidevu. Hakuwa mjinga. Akamgeukia Nekoye.

"Wewe mwenye sinia. Wewe ndiye mke wa huyu. Wanaume watasema wanavyosema, na wamama wanaficha watoto wao. Mke wa nyumba huwa anajua. Apa mbele ya hii chai: picha hii ni ya kweli?"

Nyumba nzima ikamgeukia. Mama Phelista hakukohoa.

Akisema hapana, Ivy anaingia leo kwa mlango wa mbele, na kijana wake ndiye mkubwa wa boma, na miaka tisa ya Nekoye inakuwa ya mke aliyekuja nyuma. Akisema ndiyo, anarudi Kibomet na mume wake, na Nafula, na Nasimiyu, na hakuna kitakachobadilika.

"Ndiyo," Nekoye akasema. "Ni ya kweli."

Mukhisa akashusha pumzi. Ilikuwa ndefu, ya mtu aliyetua gunia, na kwa pumzi hiyo Nekoye akajua kijana ni wa nani.

Pazia la jikoni likafunguliwa kwa kiwiko. Wamalwa aliingia mbele, mikono imelowa, akiwa bado na mstari wa wimbo mdomoni. "Wageni, karibuni mezani, kuku ameiva! Mbona mnaniangalia hivyo?"

Nyuma yake akaja Jerop na sinia ya ugali, akitabasamu, akamwona Mukhisa ameshika karatasi.

"Hiyo ni picha ya nani, mulamwa?" akasema, akitua sinia na kujipangusa mikono kwa leso. "Hebu lete nione."